Kijana wa mlangoni kasema ni bure: ruzuku ya pampu ya joto Uingereza

"Assalaam alaykum kaka. Tunaishi Coventry, kwenye nyumba yetu ambayo bado tunailipia mkopo. Ina vyumba vitatu vya kulala, imeshikana na ya jirani upande mmoja, ilijengwa miaka ya 1950. Tuko sita ndani: mimi, mume wangu, watoto watatu, na mama mkwe aliyekuja kutoka Pemba kukaa nasi miezi michache. Boila yetu ya gesi ni kombi, ile isiyo na tangi la maji, iko jikoni, ina miaka 14. Siku hizi ikiwaka inapiga kishindo. Mama analalamika kichwa kila jioni, tunadhani ni baridi ya huku. Juzi kaja kijana mlangoni, ana kishikwambi mkononi na kitambulisho shingoni, anasema serikali inatoa pampu ya joto bure, yaani chombo cha umeme cha kupasha nyumba badala ya boila, tutie saini siku hiyo hiyo kabla fungu halijaisha. Wifi yangu aliye Glasgow yeye alipata ruzuku na juu yake mkopo usio na riba. Sisi vipi? Mume wangu ni raia, lakini mimi bado niko kwenye visa ya ndoa iliyoandikwa nisiguse fedha za umma; naogopa nisije nikaharibu. Jirani anasema pampu hizi hazipashi nyumba na bili ya umeme inaua. Na wakati wa joto chumba cha watoto huko juu kinakuwa tanuri. Je, hiyo pampu itapoza pia?"

Waalaykum salaam, dada. Umeuliza mambo mengi na nitayajibu yote, lakini lililo la haraka kuliko yote ni lile ambalo hukuliuliza. Boila ya miaka 14, inapiga kishindo ikiwaka, iko jikoni, na mtu mzima anayeshinda ndani anaumwa kichwa kila jioni. Yawezekana kweli ni baridi, au ni presha. Lakini boila inayounguza gesi vibaya hutoa monoksidi ya kaboni, hewa ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wamefunga madirisha. Haina harufu, haina rangi. Kwa hiyo zimeni boila leo, fungueni madirisha, tokeni nje nyote, mama kwanza, kisha pigeni 0800 111 999, namba ya dharura ya gesi. Haina malipo na inapokelewa saa 24. Mpelekeni na kwa daktari, mkamweleze habari ya boila, msiseme kichwa tu. Angalieni pia kama kichwa kinapoa akitoka nje na kurudi akiingia ndani, maana hiyo ni dalili kubwa. Boila isiwashwe tena mpaka ikaguliwe na fundi aliyesajiliwa Gas Safe, daftari rasmi la mafundi wa gesi. Mwombeni kadi yake muigeuze. Kazi anazoruhusiwa kufanya zimeandikwa nyuma. Na kengele ya monoksidi, isiyofika paundi 30, iwe ukutani kabla ya wikiendi.

Mkishamaliza hilo, rudini tuzungumze ruzuku.

Kijana wa mlangoni amechanganya mifuko miwili, sijui kwa kutojua au kwa makusudi. Mfuko unaowahusu watu wa kipato chochote England na Wales unaitwa Boiler Upgrade Scheme. Ulianza Mei 2022, ukitoa paundi 5,000 kwa pampu inayochota joto hewani. Oktoba 2023 ukapandishwa hadi paundi 7,500. Hawaulizi mshahara, awe daktari, awe dereva wa basi, kiasi ni hicho hicho. Lakini hicho ni kiasi maalumu kinachokatwa kwenye bei, hakuna anayekufungia bure. Kwa nyumba kama yenu, ukihesabu pampu, tangi la maji moto, radieta kadhaa (vile vibao vya ukutani vinavyopitisha maji ya moto kupasha chumba) na kazi yenyewe, makadirio niyaonayo mara nyingi yanaangukia kati ya paundi 11,000 na 15,000. Fundi akiandika 12,500, ruzuku inabeba 7,500 na nyinyi mnatoa 5,000. Ahueni nyingine ni kwamba VAT imeondolewa kwenye kazi hizi hadi 31 Machi 2027.

Fedha hizo hamtazishika mkononi. Mwombaji ni fundi, naye lazima awe na cheti cha MCS, mpango unaothibitisha mafundi wa vifaa kama hivi. Anapeleka ombi Ofgem, wasimamizi wa soko la nishati, Ofgem wanamwandikia mwenye nyumba barua pepe kuuliza kama kweli amekubali, mwenye nyumba anathibitisha, vocha inatoka. Kwa pampu ya hewa vocha hiyo ina uhai wa miezi mitatu. Kazi ikiisha fundi anaikomboa yeye mwenyewe, na makadirio yenu yanapaswa kuonyesha 7,500 imeshakatwa. Ile barua pepe ya uthibitisho, dada, nakuomba muitafute mpaka kwenye kapu la taka. Nimeona kazi imekwama wiki tatu, fundi analaumu serikali, mteja analaumu fundi, kumbe barua iko huko imelala na matangazo ya viatu.

Masharti mengine si magumu. Nyumba iwe yenu, na mkopo wa nyumba hauzuii. Mfumo mnaouondoa uwe wa gesi, mafuta au umeme wa kawaida. Pampu ibebe kazi yote, joto la nyumba na maji ya bomba. Hakuna kubakiza boila ya gesi pembeni kama akiba. Tafuteni na EPC, yaani cheti cha nishati cha nyumba, ambacho uhai wake ni miaka 10. Kama mliinunua nyumba ndani ya miaka hiyo, basi kipo. Kitafuteni kwa anwani kwenye daftari la serikali, ni bure. Zamani ilibidi kwanza mmalize mapendekezo ya kuziba dari na kuta yaliyoandikwa humo, ila sharti hilo liliondolewa Mei 2024. Bado nitawashauri mzibe dari, lakini si kwa sababu ya fomu.

Mfuko wa pili ndio wenye kitu cha bure kweli. Unaitwa Warm Homes: Local Grant, unapitia halmashauri za England, nao unaangalia kipato. Kwa jumla ni kaya inayoingiza paundi 36,000 kwa mwaka au pungufu kabla ya kodi, au iliyo kwenye baadhi ya posho, au iliyo kwenye mitaa fulani iliyoorodheshwa. Na nyumba yenyewe iwe na alama ya D hadi G kwenye kile cheti. Kama kipato chenu wawili kiko chini ya hapo, pigeni simu halmashauri ya Coventry wenyewe muulize. Msipitie mlangoni. Sisemi wote wanaogonga milango ni matapeli, ila siku hizi sina subira nao. Oktoba 2025 National Audit Office, wakaguzi wa hesabu za serikali ya Uingereza, walitoa ripoti juu ya miradi miwili ya kuziba baridi iliyofanywa kupitia kampuni za nishati. Nyumba zilizobandikwa vizibo kwenye kuta za nje, asilimia 98 zilikutwa na kasoro kubwa za kurekebishwa. Tisini na nane. Kati ya hizo kuna ambazo wenyewe waliambiwa ni bure, watie saini leo.

Na hilo la "kabla fungu halijaisha" lina ukweli mdogo ndani yake, ndiyo maana linauma: fedha hutengwa kwa mwaka wa serikali. Lakini mpango ulianza ukiwa wa miaka mitatu, ukaongezewa hadi 2028, na haufungwi Alhamisi ijayo. Kijana akirudi, mwombeni namba yake ya MCS na jina kamili la kampuni, muangalie wenyewe kwenye tovuti ya MCS. Mkiwa mmeshatia saini nyumbani, sheria inawapa siku 14 za kubadili mawazo bila kueleza sababu. Na asiwadai amana ya nusu bei. Kanuni za RECC, moja ya kanuni za kumlinda mteja ambazo mafundi wengi wa MCS walijiunga nazo, ziliiwekea kikomo cha asilimia 25.

Wifi yako wa Glasgow hakupendelewa. Scotland ina mpango wake, Home Energy Scotland, unaotoa ruzuku hadi 7,500 na mkopo usio na riba hadi 7,500 nyingine. Wa vijijini na visiwani wanaongezewa 1,500 kwenye ruzuku. Huko mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayeomba, na lazima apate barua ya kukubaliwa kabla fundi hajagusa msumari. Mpango wetu huku ni ruzuku tu, hauna mkopo ndani yake. Hapo ndipo mafundi wanapochomoa fomu ya mkopo kutoka kampuni ya fedha. Soma vizuri, maana nyingine zimeandikwa asilimia sifuri kwa mwaka mmoja na baada ya hapo riba inaanza kuhesabiwa tangu siku ya kwanza. Kwa anayejiepusha na riba, hiyo ni riba iliyovaa kanzu. Familia mbili nilizowafungia hapa Midlands walilipa sehemu yao kwa upatu. Mmoja alimwomba mama kijumbe amsogeze mbele zamu yake, akakubaliwa.

Sasa visa yako. "Fedha za umma" katika kanuni za uhamiaji si kila kitu kinachotoka serikalini. Ni orodha iliyoandikwa, yenye vitu kama Universal Credit, posho ya nyumba na posho ya watoto. Boiler Upgrade Scheme haimo katika orodha hiyo. Isitoshe nyumba ni ya wote wawili, na ombi laweza kwenda kwa jina la shemeji. Kwa ule mfuko wa halmashauri ningekuwa mwangalifu zaidi, kwa kuwa unapimwa kwa kipato na posho. Kabla ya kujaza, nendeni na fomu mkononi kwa mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority, ofisi ambayo hadi mwanzo wa 2025 ilijulikana kama OISC. Mimi ni fundi wa joto. Visa ya mtu siichezei kwa maneno ya kuandikiana.

Tuje kwa jirani yako. Ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo itakayowagharimu au kuwaokoa.

Weka mkono nyuma ya friji yako. Kuna joto, sivyo? Joto hilo limetolewa ndani, kwenye maziwa na samaki, likatupwa jikoni. Friji haitengenezi baridi, inahamisha joto. Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa: ndani ya friji ni bustani yenu, na mgongo wake wa moto ni nyumba yenu. Ndani ya mabomba yake inazunguka gesi inayochemka kwa baridi kali. Propeni, inayotumika katika pampu nyingi mpya, huchemka nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwake hewa ya Coventry ya nyuzi 2 asubuhi ya Januari ni kama jiko lililokolezwa. Inachota joto hilo, kompresa inaikandamiza, nayo ikikandamizwa inapanda moto kama pampu ya baiskeli inavyopata moto ukijaza tairi, kisha inalikabidhi joto kwa maji ya radieta. Umeme hapo unalipa uhamishaji tu. Ndiyo maana uniti moja ya umeme, uniti ile ile tunayonunua kwenye LUKU nyumbani, inaweza kukuletea uniti tatu au nne za joto, wakati boila ya gesi inakula uniti moja na kukupa pungufu ya moja. Wanaoongoza Ulaya kwa pampu hizi kwa kila kaya ni Norwei, Uswidi na Ufini, na huko baridi si ya mchezo.

Kwa hiyo si kweli kwamba hazipashi. Lakini je, bili? Hapa tufanye hesabu mezani, kwa bei za kuzunguka: gesi peni 6 kwa uniti, umeme peni 26. Tuseme mnatumia uniti 12,000 za gesi kwa mwaka. Hizo ni paundi 720, na kwa boila kuukuu joto linaloingia ndani ni kama uniti 10,200. Pampu iliyofungwa ovyo, inayotoa uniti 2.8 za joto kwa kila moja ya umeme, itaidai kaya yenu paundi 947 kwa joto lile lile. Iliyofungwa vizuri, inayotoa 3.5, itadai 758. Iliyofungwa na fundi anayeipenda kazi yake, ikafika 4, itadai 663. Mkiondoa gesi kabisa, mpaka jiko la kupikia, mnaokoa pia ile ada ya kila siku ya mita, karibu paundi 110 kwa mwaka. Kuna na bei maalumu za umeme kwa wenye pampu, ambazo zinashusha zaidi. Mnaona tofauti ilipo? Ruzuku ni 7,500 kwa fundi mbaya na 7,500 kwa fundi mzuri. Serikali inawalipia mashine. Bili ya miaka 20 inaamuliwa na yule mtu na kalamu yake siku ya kupima.

Kinachoamua ni moto wa maji yanayoingia kwenye radieta. Kadiri pampu inavyolazimishwa kuyapasha zaidi, ndivyo inavyokula umeme. Boila imezoea kusukuma maji ya nyuzi 70. Pampu inataka 45, au hata 40. Na radieta ya wati 1,000 iliyopimwa dukani kwa maji ya moto mkali, ukiipa maji ya nyuzi 45 hutoa kama wati 350 tu. Ndiyo sababu baadhi ya radieta hubadilishwa ziwe pana na nene zaidi, na ndiyo sababu fundi anayesema "radieta zenu zote zinatosha" kabla hajatoa futi ya kupimia, msindikize mlangoni.

Kuna jaribio mnaloweza kufanya wenyewe bila senti, boila ikishakaguliwa na kuruhusiwa. Kwenye kombi kuna vitufe viwili: kimoja chenye alama ya bomba, kingine chenye alama ya radieta. Cha bomba msikiguse. Cha radieta kishusheni hadi 50, katika wiki ya baridi kweli, mkiacha joto liwake mfululizo mchana na usiku badala ya muda wa saa mbili asubuhi na wa saa tatu jioni. Andikeni nyuzi za kila chumba saa moja asubuhi na saa mbili usiku. Chumba kinachobaki 20 hakihitaji radieta mpya. Kinachoshuka hadi 16 ndicho mtakachomwonyesha fundi. Baada ya siku tano mna karatasi yenye thamani kuliko tangazo lolote, na boila yenyewe, kwa maji ya vuguvugu, nayo hufanya kazi vizuri zaidi.

Nieleze nilichokiona Leicester, kwa familia kama yenu, maana ni hadithi ya jirani yako kabisa. Kampuni moja, sitaitaja, iliwafungia pampu ya kilowati 12 kwa kuhesabu vyumba vya kulala. Nilipopima mimi, chumba baada ya chumba, nyumba ilihitaji kilowati 6 na ushee. Pampu kubwa mno kwa nyumba ndogo ni kama lori kwenye foleni ya Kariakoo: inawaka, inazima, inawaka, inazima, na kila kuwaka ni umeme. Juu yake maji yaliwekwa nyuzi 55 ili radieta za zamani zitoshe. Bibi mwenye nyumba, mzee wa Kiunguja, alinipeleka sebuleni, akabandika kiganja chake juu ya radieta, akanitazama. "Mwanangu, kifaa cha paundi elfu kumi, mbona vuguvugu? Hii mbovu." Kila usiku alikuwa anaizima kabisa ili kuokoa umeme, na kila alfajiri pampu inahangaika kuipandisha nyumba iliyopoa kama kaburi. Tulibadilisha radieta tatu, tukashusha maji hadi 45, tukamwomba bibi asiizime. Pampu yenyewe hatukuweza kuibadili. Ruzuku hutolewa mara moja kwa nyumba, na ilishaliwa. Bili ilishuka, si kama ambavyo ingekuwa kama wangepima siku ya kwanza. Bibi bado anasema ni vuguvugu. Anaivua sweta lakini anasema.

Jambo watu wenye kombi hawaambiwi mapema: pampu haichemshi maji papo kwa papo. Mtahitaji tangi. Kwa watu sita, wanaoga, wanatawadha, na kuna mgeni wa Pemba asiyekubali maji baridi alfajiri, fikirieni lita 250. Hilo ni pipa la urefu wa mtoto wa darasa la tano, na linataka kabati. Zungukeni nyumba leo muone liko wapi: chini ya ngazi ni padogo, kabati la juu pengine lina nguo za Idi za miaka kumi. Kama hamna pahala, bora mjue kabla ya kulipa amana. Chombo cha nje nacho kinataka nafasi na kisimsumbue jirani kwa mngurumo. Sharti la kukaa mita moja kutoka mpaka wa jirani liliondolewa England Mei 2025, lakini la kelele lipo bado, na fundi lazima alipigie hesabu.

Kuhusu kupoza. Siku ya 19 Julai 2022, Coningsby kule Lincolnshire ilifika nyuzi 40.3, mara ya kwanza nchi hii kuvuka 40, na tangu hapo swali lako naulizwa kila mwaka. Pampu ya joto inayopasha maji ya radieta za kawaida haitawapozea chumba. Ukipitisha maji baridi kwenye radieta itatoka jasho kama glasi ya maji ya barafu mezani Tanga, na zulia litaoza. Kinachopoza ni pampu ya hewa kwa hewa, ambayo sisi wote tunaijua kwa jina la AC. Ile inayopuliza ukutani, na wakati wa baridi hupuliza joto. Tangu 2022 haikuwemo kwenye ruzuku, kisha serikali ikaamua kuiingiza kwa paundi 2,500. Lakini kumbukeni, nyumba moja ruzuku moja. Mkichukua 2,500 ya AC, ile 7,500 mmeiaga, na AC haiwapi maji ya moto bombani. Kwa familia yenu si biashara nzuri. Kwa chumba cha watoto ningeanza na sufi ya kuzibia darini ifikie milimita 270. Inazuia jua la Julai kama inavyozuia baridi ya Januari, na hapo hapo inawapunguzia ukubwa wa pampu. Pazia zito lifungwe mchana, madirisha yafunguliwe usiku, na feni. Najua feni si jibu ulilolitaka.

Ningekuwa nyinyi ningefanyaje? Ikiwa fundi wa Gas Safe atasema boila imekwisha kabisa na tuko katikati ya baridi, sitawalaumu mkifunga boila mpya ya gesi kwa paundi 2,500 hadi 3,500. Kukimbiza pampu kwa haraka Januari na watoto wanatetemeka ndiko kunakozaa makosa ya Leicester. Ila mjue mmejifunga na gesi miaka 12 au 15. Kama inatengenezeka kwa paundi mia chache, tengenezeni, fanyeni lile jaribio la nyuzi 50, zibeni dari, halafu mwezi wa nne au wa tano mafundi wakiwa na nafasi iteni watatu. Kwa nyumba ya 1950 yenye nafasi ya tangi, na nyinyi mna akiba ya kama 5,000 isiyo ya kukopa, mimi ningeelekea kwenye pampu. Kama nafasi ya tangi haipo, au mnafikiri kuhama ndani ya miaka miwili mitatu, ningetulia.

Hao watatu wakija, shemeji asiwaulize bei kwanza. Awaulize kila mmoja: utapima upotevu wa joto chumba kwa chumba, na karatasi utatuachia? Siku ya nyuzi 2 chini ya sifuri maji yataingia kwenye radieta yakiwa nyuzi ngapi? Ni radieta zipi unabadilisha, na kwa nini hiyo? Nani atazungumza na kampuni ya nguzo za umeme kuhusu fyuzi kuu ya nyumba? Atakayejibu "55, haina shida" ameshajibu yote. Atakayesema 45 na akapanda ngazi kutazama dari, mpeni chai.

Mkishapata karatasi ya vipimo vya vyumba niandikieni tena, mnitajie na urefu wa radieta ya sebuleni. Lakini kwanza nataka kusikia fundi wa Gas Safe amesema nini, na kichwa cha mama kikoje.